Kipande cha Tisini na Tisa

Mkaguzi alipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, akatoa gololi mfukoni, akaiweka juu ya mbao na kuiachia. Gololi ilitulia kidogo, kisha ikaanza kujiviringisha yenyewe, taratibu, ikaenda kusimama mahali pale alipoangukia mchezaji bora wa timu ya wageni Jumamosi iliyopita. Akaiokota, akazunguka upande wa pili, akaiachia tena. Ikarudi palepale. Mara ya tatu hakungoja isimame. Alitoa chaki, akachora duara, akaandika kwenye daftari lake: Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Alikuwa na siku moja na nusu. Kamati ya nidhamu ya ligi ilikuwa ikutane Jumatano saa tisa alasiri, na mkobani mwake mlikuwa na malalamiko ya kurasa nne. Wageni walidai kwamba Nyuki, timu ya wanawake iliyokuwa ikiongoza ligi ya kikapu ya kulipwa, ililegeza sakafu ya nyumbani kwake kwa makusudi. Walidai kwamba wachezaji wa Nyuki walijua pa kukanyaga na pa kukwepa, na ndiyo maana msimu mzima hakuna aliyewafunga katika ukumbi huu. Walitaka ushindi wote wa nyumbani ufutwe, kuanzia wa nusu fainali ya Jumamosi, na wao ndio waingie fainali.

Ushindi wenyewe ulikuwa umetundikwa juu, kila mtu auone. Kila Nyuki waliposhinda nyumbani, mashabiki walishona nyuki wa kitambaa, manjano na mweusi, mkubwa kama mto wa kulalia, wakamfunga kwenye reli ya jukwaa la juu. Sasa walikuwa kumi na mmoja. Yule wa mwisho alikaa upande, mshonaji alikuwa na haraka.

"Umeshamaliza kucheza gololi?" sauti iliuliza nyuma yake.

Ilikuwa ya fundi wa sakafu, mwanamume mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye viganja vipana na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mikunjo ya suruali ya harusi. Sakafu hii aliitandika yeye miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeitunza.

"Fundi, hapa pamebonyea."

"Sakafu yangu haibonyei."

"Gololi inasema pamebonyea."

"Basi ihoji gololi."

Mkaguzi aliinuka, akapangusa magoti. Alikuwa mpelelezi wa polisi miaka kumi na minane kabla ligi haijamchukua, na wachezaji walimwita Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa cha waashi, chenye kiputo cha hewa ndani ya maji, ambacho hakikutoka mkobani mwake. Alilijua jina hilo na hakuwahi kulikataa.

"Mara ya mwisho uliikagua lini?"

Fundi alitazama juu, kwenye taa. "Vipande mia mbili ishirini na vinne. Miaka kumi na tisa. Hakuna mchezaji aliyewahi kuteguka hata kidole juu yake."

"Sikuuliza hilo."

"Ndilo ninalojibu."

"Nifungulie sanduku lako la zana."

Alilifungua bila kusita. Kila kitu kilikuwa mahali pake: nyundo ya mpira, ndoano mbili za kuinulia vipande, vitambaa vilivyokunjwa. Chini kabisa palikuwa na fungu la raba nyeusi, zimekatwa kwa kisu, zimefungwa kwa uzi. Mkaguzi aliitambua raba hiyo. Ni ileile iliyobandikwa chini ya sakafu ili mbao zisigonge zege. Na ukurasa wa pili wa malalamiko ulisema waziwazi: raba zimeondolewa.

"Hizi za wapi?"

"Za akiba."

"Nani mwingine ana ufunguo wa sanduku hili?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mke wangu mwenyewe hajui linafungukaje."

Mkaguzi alitia kipande kimoja cha raba kwenye bahasha, akaandika tarehe juu yake. Miaka kumi iliyopita, akiwa na damu ya moto, angeandika ripoti hapohapo na kwenda zake. Lakini kingo za raba zilikuwa na vumbi lililogandamana, vumbi la miezi, na jambo hilo halikumpendeza. Mtu aliyeziondoa wiki iliyopita angezipata wapi zikiwa na vumbi la mwaka jana?

Saa nne alikuwa ofisini kwa kocha, mbele ya skrini, akiangalia mechi mbili: ya Jumatano ya wiki iliyopita na ya Jumamosi. Aliziangalia kwa mwendo wa kawaida, akaziangalia tena polepole, akichora nukta kwenye karatasi kila mpira uliporushwa kikapuni. Alipomaliza, aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akatuma aitwe nahodha.

Nahodha wa Nyuki aliingia akitoka mazoezini, taulo shingoni. Huu ulikuwa msimu wake wa tisa katika timu. Alikaa kwenye kiti cha kocha, magoti yake yakaipita meza kwa urefu.

"Jumatano ulirusha mara saba kutoka pale kushoto," Mkaguzi alisema. "Ukafunga mara tano."

"Sita, mama. Moja mwamuzi aliikataa, lakini iliingia."

"Haya, sita. Jumamosi mlishambulia kikapu hichohicho robo mbili nzima. Hukurusha hata mara moja kutoka pale. Wala si wewe peke yako, timu nzima mlipazunguka kama watu wanaokwepa dimbwi."

"Kocha alibadilisha mfumo."

"Nimemuuliza kocha. Amesema wakati wa mapumziko aliwafokea kwa kuususa upande wa kushoto."

Nahodha alilishusha taulo, akalikunja mara mbili, akalikunja tena mpaka halikukunjika zaidi.

"Ijumaa tukiwa mazoezini, mpira ulikufa pale," alisema.

"Ulikufa vipi?"

"Unaudunda, unarudi nusu. Kama umeupiga juu ya godoro. Na ukikanyaga, mguu unashuka. Kidogo tu, lakini mguu wa mchezaji unajua. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja wa ukumbi nikamweleza. Akasema atalishughulikia."

"Kwa nini hukwenda kwa fundi?"

"Fundi hakuwepo. Alikuwa kwenye ruhusa tangu Alhamisi."

Kalamu ya Mkaguzi ilisimama. Hilo fundi hakulisema.

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Wenzangu. Niliwaambia wasikanyage pale hata iweje."

"Na wageni?"

Nahodha aliangalia taulo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kusikika ukumbi mzima, lakini sasa hakutoa hata neno. Mkaguzi alingoja, kisha akafunga daftari. Kimya cha namna ile alikuwa amekutana nacho mara nyingi, na alijua kukiandika hakusaidii. Mwenyewe ndiye hukisema siku akitaka.

Alimkuta fundi akifuta ubao wa kikapu kwa kitambaa, amepanda ngazi.

"Hukuniambia kwamba Alhamisi na Ijumaa hukuwepo."

"Hukuuliza."

"Sasa nauliza. Ulikwenda wapi?"

Fundi aliteremka ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulifunguka, akawa kama mtu mwingine aliyeazima ovaroli ileile.

"Binti yangu wa mwisho alikuwa anahitimu. Uuguzi. Wameitwa mia moja na ishirini, wa kwanza kuitwa ni yeye. Si kwa herufi, Mkaguzi. Kwa maksi."

"Hongera, baba."

"Asante. Nilisimama mpaka watu wa nyuma wakanivuta shati nikae."

"Ruhusa alikupa nani?"

"Meneja. Mimi niliomba Ijumaa tu. Yeye akasema, nenda tangu Alhamisi, Fundi, pumzika, umejitahidi sana, rudi Jumamosi."

"Aliwahi kukuambia hivyo kabla?"

Fundi alifikiri. "Miaka kumi na tisa? Hata mara moja."

"Lete ndoano," Mkaguzi alisema. "Nifunulie hapa kwenye chaki."

Fundi alifungua makomeo ya pembeni, akaingiza ndoano mbili kwenye ufa, akavuta. Kipande kilinyanyuka, kirefu kuliko kimo cha Mkaguzi, upana wa mlango. Wakakisimamisha kwa ubavu. Mkaguzi alimulika kwa tochi upande wa chini. Raba zilikuwapo zote, safu tatu, hakuna iliyong'olewa. Katikati palikuwa na namba ya rangi nyeupe.

"Tisini na tisa," alisoma.

Fundi hakusoma namba. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao, akitafuta kitu. Alipokipata, mkono wake ulibaki hapohapo.

"Umeisoma kichwa chini," alisema taratibu. "Hii ni sitini na sita. Tazama, mkato wa msumeno uko huku. Kila kipande nimekitia mkato upande unaotazama mlango mkuu. Hiki kimegeuzwa. Na hapa si mahali pake. Hapa ni pa tisini na tisa."

"Tofauti yake nini? Si mbao zilezile?"

"Mbao zilezile, raba siyo. Zege la hapa lilizama tangu ukumbi ulipojengwa, kiasi cha kidole kimelala. Kwa hiyo tisini na tisa nimekivalisha raba mbilimbili. Hiki kina mojamoja. Kilikuwa kinaning'inia hapa kama kitanda kilichovunjika tendegu. Ukipita unatembea tu, hakisemi kitu. Akitua juu yake mtu aliyeruka, kinazama."

Mkaguzi alitoa kipande cha raba kwenye bahasha. "Na hizi za sandukuni?"

"Ni akiba ya tisini na tisa. Ndicho peke yake kinachokula raba nyingi, huwa nazikata mapema."

"Sasa tisini na tisa chenyewe kiko wapi?"

"Kama aliyefanya hivi alivibadilisha, kitakuwa kule." Fundi alionyesha kwa kidevu meza ya makarani, pembeni mwa uwanja.

Walikwenda. Chini ya mguu mmoja wa meza palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya kuizuia meza isicheze. Mkaguzi aliikunjua: ilikuwa orodha ya wachezaji ya Jumamosi. Waliisogeza meza, wakafunua. Kipande kilikuwa na raba mbilimbili.

"Mtu anayeijua sakafu hii angeweza kukosea hivi?" Mkaguzi aliuliza.

"Anayeijua sakafu hii akikosea hivi, basi amesahau na kufunga vifungo vya shati."

"Lakini kwa nini viwili tu? Vingine mia mbili na zaidi viko sawasawa."

Fundi alikuna kidevu, na jibu likamjia huku anakuna. "Kwa sababu walifuata namba. Namba nyingi ukizipindua hazisomeki. Chache zinasomeka: kumi na sita inageuka tisini na moja. Lakini hizo zina mistari ya uwanja juu yake, ukikosea mstari unakatika, unaona kosa lako hapohapo. Hizi mbili tu ndizo mbao tupu. Hazina rangi yoyote." Aliangalia sakafu yake yote, toka kikapu hadi kikapu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo vimehamishwa. "Mkaguzi, hawa hawakufunua viwili. Wamefunua vyote."

Hilo ndilo Mkaguzi alilokuwa amekwisha kulifikia. Mtu hafunui sakafu nzima ili kumtegua mtu mmoja. Anaifunua kwa sababu anahitaji kilicho chini yake.

Alirudi kwenye shimo la kwanza, akalala kifudifudi bila kujali nguo, akamulika zege. Vumbi, ganda la pipi, skrubu moja. Na halafu, kuanzia ukingo hadi ukingo, mstari mweusi mpana kama kiganja, wenye michoro ya meno ya tairi. Alilowesha karatasi laini kwa maji ya chupa, akasugua. Karatasi ikatoka nyeusi.

"Fundi, gari limewahi kuingia humu ndani?"

"Gari?" Fundi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake hulala kitandani.

Meneja wa ukumbi alimpokea Mkaguzi kwa tabasamu na kiti. Ofisi yake ilinukia marashi, na funguo zote za jengo zilikuwa kwenye ubao nyuma yake, kila moja na kijitambulisho. Kando ya funguo palikuwa na kalenda yenye picha za magari.

"Sakafu haijafunuliwa msimu huu," alisema. "Fundi mwenyewe atakwambia."

"Alhamisi ukumbi ulifungwa. Kwa nini?"

"Usafi."

"Alisafisha nani?"

"Kampuni moja hivi. Nitakutafutia jina."

Mkaguzi aliiweka ile karatasi nyeusi mezani, ndani ya mfuko wa plastiki. "Nimeitoa chini ya mbao. Ni alama ya tairi, na ni mpya, inafutika kwa maji."

"Labda toroli la wasafishaji."

"Toroli lenye tairi pana kama mkono wangu?" Alitoa simu, akatazama kalenda, akaandika jina la duka lililochapishwa chini ya picha ya magari. Alichukua muda wake. Meneja alianza kupanga kalamu zake kwa urefu. "Hili duka ni la nani, Meneja?"

"La shemeji yangu. Ndugu wa mke wangu."

"Amebandika tangazo zuri Ijumaa asubuhi." Mkaguzi aligeuza simu. Kwenye skrini gari jekundu lilimetameta chini ya taa kali, juu ya zege tupu, dada mmoja akifungua mlango. "Usiangalie gari. Angalia huku juu, nyuma, kwenye giza. Hivi ni vitu gani vya manjano?"

Meneja aliinama kidogo kuitazama skrini.

"Mimi nimewahesabu," Mkaguzi alisema. "Wako kumi. Wa kumi alitundikwa mechi ya Jumatano ilipokwisha. Wa kumi na moja alitundikwa Jumamosi. Kwa hiyo gari hili lilikuwa ukumbini kati ya hapo, na wewe ndiye mwenye funguo."

Tabasamu la meneja lilikaa kidogo, kisha likashindwa kubaki.

"Ningemkatalia vipi? Ni shemeji, amekuja nyumbani, amekaa sebuleni. Ilikuwa siku moja tu. Vibarua waliinua, wakarudisha kimoja kimoja kwa namba, nilisimama hapohapo. Hakuna kilichovunjika."

"Kano za kifundo cha mguu cha msichana wa watu zimechanika. Ijumaa nahodha alipokuja kukwambia, ulifanya nini?"

"Nilidhani anatia chumvi. Hawa wachezaji wanajisikia sana."

"Ungemwambia fundi alipofika Jumamosi."

"Angejua sakafu imeguswa."

"Ndiyo," Mkaguzi alisema, akasimama. "Angejua ndani ya dakika moja."

Jioni ile aliandika ripoti kwenye meza ya makarani, ambayo sasa haikucheza. Ilikuwa kurasa mbili. Alipomaliza alimwita fundi aisome kabla ya kutia sahihi maelezo yake. Fundi alivaa miwani, akasoma kwa kufuata kidole, mstari kwa mstari. Alipofika karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Hapa umeandika, fundi wa sakafu hana kosa lolote."

"Ndivyo nilivyoona."

"Futa."

"Fundi, nimekusafisha. Unataka nikuchafue tena?"

"Asubuhi uliniuliza mara ya mwisho niliikagua lini, nikakuletea habari za miaka kumi na tisa." Alivua miwani. "Kabla ya kila mechi mimi hupita na fimbo, nagonga kipande kwa kipande. Kibovu kinatoa sauti nyingine. Jumamosi basi lilichelewa, nilifika milango imeshafunguliwa, watu wamejaa. Nikaona haya kupita na fimbo mbele ya watu kama mchunga mbuzi. Nikasema, sakafu yangu naijua. Sikugonga. Ningegonga, yule binti angekuwa anatembea leo." Aliisukuma karatasi. "Andika hivyo. Kwa sakafu yangu nitatembea kifua mbele, lakini hilo nalo liwemo."

Mkaguzi aliandika. Fundi alisoma tena, akatia sahihi kubwa, yenye mkia.

Jumatano saa tisa chumba cha kamati kilikuwa kimejaa. Mwenyekiti, mwamuzi mstaafu mwenye sauti kavu, alikaa kichwani mwa meza. Upande mmoja walikaa Nyuki, upande wa pili wageni, na mwisho wa upande huo, mguu juu ya kiti, magongo yameegemezwa ukutani, alikaa mchezaji aliyeumia. Walimwita Mshale. Meneja hakuwepo, wenye ukumbi walikuwa wamemsimamisha kazi asubuhi hiyo.

Mkaguzi alisoma ripoti bila kupandisha wala kushusha sauti. Alipofika kwenye gari, watu walitazamana. Alipofika kwenye maneno ya fundi, nahodha wa Nyuki aliinua kichwa, akamtazama fundi aliyekaa kwenye benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka kama yuko picha ya harusi. Alimtazama muda mrefu.

Kiongozi wa wageni hakungoja. "Sawa, gari. Lakini Nyuki walijua! Picha za mechi zinaonyesha waliikwepa sehemu ile. Kama walijua, walicheza kwa hila."

"Mkaguzi?" Mwenyekiti aliuliza.

Kabla hajajibu, nahodha alikuwa ameshasimama.

"Nilijua mimi," alisema, na sauti yake ya uwanjani ilimrudia. "Ijumaa nilihisi pale pana kasoro. Nilimwambia meneja, nikawaambia wenzangu. Jumamosi sikumwona fundi akigonga, nikajua halijashughulikiwa. Ningeweza kuvuka uwanja nikamwambia nahodha wa wageni. Ni hatua ishirini. Sikuzipiga." Alimgeukia Mshale. "Sikutaka uumie. Lakini sikukwambia. Wenzangu walifuata amri yangu, wao msiwaguse."

Kiongozi wa wageni alifungua mikono kama kusema, mmesikia wenyewe. Ndipo Mshale aliposhika meza akajiinua kwa mguu mmoja. Jirani yake alitaka kumsaidia, Mshale akamsukuma mkono.

"Mwenyekiti, naomba niulize swali. Nilipoanguka zilikuwa zimebaki dakika ngapi?"

Mwenyekiti aliangalia karatasi. "Mbili."

"Na sisi tulikuwa nyuma kwa alama ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Mshale alirudia, akimtazama kiongozi wake. "Na upande ule nilikuwa nimeshafunga mara nne bila kuteleza. Tulifungwa. Tulifungwa vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa namkaba huyu." Alimwonyesha nahodha. "Nina hasira naye, na nitakuwa nayo mpaka mguu upone. Hiyo ni yangu na yeye, tutaimaliza uwanjani. Lakini kuingia fainali kwa karatasi, mimi hapana. Wekeni jina langu nje ya malalamiko hayo."

Alikaa. Kiongozi wa wageni alikunja karatasi zake, akazikunjua, mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba timu yake inaondoa dai la kufuta matokeo.

Kamati haikutumia nusu saa. Ushindi wote kumi na mmoja ulibaki. Hakuna mtu, hata mwenye ukumbi, atakayefunua sakafu bila sahihi ya fundi. Na nahodha wa Nyuki, kwa kunyamaza kwake, alifungiwa mechi moja, nayo ni ile ya kwanza ya fainali, Jumamosi. Wenzake waliguna. Yeye aliitikia kwa kichwa, na alipotoka alipita kwanza kwenye kiti cha Mshale, akachukua magongo ukutani, akamkabidhi. Mshale aliyapokea.

Walipofika ukumbini, fundi alikuwa ameshatangulia na ndoano zake.

"Vimebaki viwili tu vya kurudisha, siyo, Fundi?" nahodha aliuliza.

"Viwili? Vyote navifunua. Vibarua wasionijua wamevishika, nataka kukiona kila kimoja uso kwa uso."

"Mia mbili ishirini na vinne? Peke yako?"

Fundi alimtazama kuanzia viatu mpaka juu, ambako palikuwa mbali. "Wewe Jumamosi huna kazi. Shika upande ule. Inua kwa magoti, siyo kwa mgongo, mgongo wako una mkataba."

Nahodha alicheka, akainama. Wachezaji wengine kumi na mmoja waliingia wakiwa bado na nguo za kamati, wakavua viatu, wakapanga mstari. Mpaka kesho yake adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha, kipande kwa kipande, na fundi aliwarudisha mara tatu wale warefu kuliko wote kwa kuweka kitu kwa haraka.

Mkaguzi aliondoka ukumbini faili likiwa limefungwa. Katika miaka tisa ya kazi ya ligi alikuwa ameingia kwenye mechi nyingi kwa kitambulisho chake, kwa mlango wa pembeni, na hakuwahi kuangalia hata moja kwa raha. Alifika langoni, akasita, kisha akakirudisha kitambulisho mkobani. Dirisha la tiketi za Jumamosi lilikuwa na watu wapatao sitini, wengine wamevaa manjano na nyeusi tangu leo. Akaenda nyuma kabisa, akapanga foleni.